Waini yako kwenye meza ya meli: jinsi ya kubeba chupa bila kuumizwa na kokeji

Kama umeshalipia kruzi, ile safari ya starehe ya meli, na una chupa ya waini umeitunza kwa ajili ya siku maalum, basi kabla hujaifunga kwenye begi soma hapa kwanza, manake watu wengi wanafika mlangoni mwa meli na chupa zao ndo wanagundua kumbe kuna sheria, na wengine wanapita salama mpaka mezani halafu bili ikija wanaona dola 15 au 20 imeongezeka na hawaelewi imetokea wapi.

Hiyo hela ndo inaitwa kokeji. Ni ada ya kufunguliwa na kuhudumiwa chupa ambayo hukuinunua kwao. Weita anakuletea glasi, anazibua kizibo, anaweka chupa kwenye barafu, anakumiminia, baadaye glasi zinaoshwa, na wao hawajauza kitu, kwa hiyo wanajilipa hapo. Migahawa mingi ya nchi kavu nayo inatoza, ila nchi kavu ukiona bei haikupendezi unatoka unaenda mgahawa mwingine, sasa katikati ya bahari utaenda wapi. Ndo maana mambo yote haya unayamaliza ukiwa bado nyumbani.

Kitu kimoja ukishike kuliko vyote: kokeji inatozwa kwa chupa, haiangalii waini yenyewe ni ya bei gani. Chupa ya dola 8 na chupa ya dola 80 zinalipiwa sawasawa. Kwa hiyo ile ya bei rahisi inywee kebini, ambako kampuni nyingi hazikutozi chochote, halafu mezani peleka ile ya maana, ile ambayo ukilipa dola 15 juu yake bado unaona umepata. Watu wanafanya kinyume kabisa, wanaipeleka ya bei rahisi mezani wakidhani wanaokoa hela, ile nzuri inakuja kunyweka kwenye vikombe vya plastiki vya bafuni usiku wa mwisho.

Anza na sheria ya kampuni yako, sio ya rafiki yako

Hapa usimsikilize mtu aliyesafiri na kampuni nyingine hata kama amepanda meli mara 10, manake tofauti ni kubwa mno.

Carnival wanaruhusu chupa moja ya mililita 750 ya waini au shampeni kwa kila mtu mwenye miaka 21 na kuendelea, iwe haijafunguliwa, iwe kwenye begi la mkononi, siku ya kupanda tu basi. Ukiinywa kebini hulipi, ukiipeleka dining, yaani mgahawa mkuu wa meli, au kwenye baa yao kokeji ni dola 15. Ukizidisha idadi ile ya ziada inachukuliwa na inamwagwa na hulipwi fidia, kwa hiyo kwa hawa usijaribu kabisa kubeba ya pili kwa matumaini. Royal Caribbean nao ni chupa moja ya 750 kwa kila mtu mzima, siku ya kupanda.

Princess na Holland America wako tofauti kidogo na mimi huu mfumo wao ndo naupenda zaidi. Chupa ya kwanza kwa kila mtu mzima haina ada ukiinywa kebini, na za ziada wanakuruhusu, ila kila ya ziada inalipiwa, ni kama dola 20 hivi kwa chupa, na unalipia hata kama utainywa kitandani. Kwa mtu anayeijua waini yake hii ni nafasi nzuri, unabeba nne tano za ukweli, unalipa, unakunywa unachokipenda safari nzima.

Norwegian hawa soma vizuri. Wanakuruhusu kubeba waini na shampeni nyingi utakavyo, lakini kila chupa inalipiwa pale pale unapopanda, dola 15 kwa ya mililita 750 na dola 30 kwa ile kubwa ya lita moja na nusu, na haijalishi utainywea wapi. Maana yake ile kanuni yangu ya kunywea kebini kwao haina msaada, kokeji umeshalipa mlangoni, sasa beba nzuri tu na ujisikie huru kuipeleka mezani manake hakuna ada nyingine inayokungoja huko.

Disney wana ukarimu wa idadi, kila mtu mzima anaweza kupanda na chupa mbili, na sio siku ya kwanza tu, kila bandari mnayoshuka unaweza kurudi na nyingine mbili. Ila kokeji yao ya mezani ndo kali, inazidi dola 25. Kwa hiyo kwa Disney kebini ndo rafiki yako na mezani ni kwa sherehe tu. Viking kwao hakuna kokeji kabisa, unanunua chupa mjini mchana, jioni unaipeleka mezani, wanakufungulia na wanatabasamu. Na kuna kampuni ambazo hazitaki hata tone la pombe kutoka nje, wanaichukua yote na unaipata siku ya kushuka.

Hizi bei zinapanda, sijawahi kuona ikishuka, na sheria wanaibadilisha bila kupiga kelele. Ingia kwenye saiti ya kampuni yako wiki mbili hivi kabla ya safari, tafuta ukurasa wa sera ya pombe au yale maswali yanayoulizwa sana, piga picha ya skrini ukae nayo kwenye simu. Angalia vitu vinne: chupa ngapi, je idadi ni kwa mtu au kwa kebini nzima (hapa familia nyingi zinakosea), umri, na kama ada inatozwa mlangoni au mezani. Umri uangalie hasa kwa sababu unategemea meli inaondokea wapi, safari za kutoka Marekani mara nyingi ni 21, za Ulaya mara nyingi 18, na kampuni ni ile ile.

Hesabu yake ikoje

Watu wanauliza je inalipa. Tufanye mfano. Waini ambayo dukani ni dola 15, kwenye menyu ya meli kitu cha kiwango hicho kinaweza kuwa dola 45, halafu juu yake wanaongeza ada ya huduma, kampuni nyingi ni asilimia 18 hadi 20, kwa hiyo unatoka na kama dola 54. Ukiibeba mwenyewe ukalipa kokeji ya 15 jumla ni dola 30. Umeokoa 24 kwa chupa moja. Sio mbaya.

Sasa chukua waini ya dola 60 dukani. Kwenye meli ya namna hiyo utakuta inaenda 150 na zaidi, tena kama wanayo, manake listi za meli hazina kila kitu. Wewe unalipa 60 jumlisha 15, dola 75. Unaona pengo linavyopanuka? Ada ni ile ile lakini faida inakua kadri chupa inavyokuwa nzuri. Upande wa pili, waini ya dola 6 ukailipia kokeji ya 20 unakuwa umelipa 26 kwa kitu cha 6, hapo ni bora uagize glasi mbili za kwao ukae kwa amani.

Chupa ya 750 inatoa glasi tano za kawaida, zile za mililita 150. Kwa hiyo pia gawanya: kokeji ya dola 15 ni dola 3 kwa glasi. Ukiiangalia hivyo ada haionekani mnyama mkubwa, na kama mko wanne mezani mnakunywa pamoja ni kitu cha kawaida kabisa.

Kabla hujaanza kupiga hesabu lakini jiulize kwanza kama umenunua paketi ya vinywaji. Kama unayo, glasi za waini mpaka bei fulani tayari zimo ndani, na baadhi ya kampuni zinakupa na punguzo kwenye chupa nzima. Mtu ana paketi halafu anabeba chupa ya kawaida na kuilipia kokeji, huyo analipa mara mbili kwa kitu kimoja. Kwa mwenye paketi chupa inayostahili kubebwa ni ile tu ambayo huwezi kuipata humo melini, mfano ya mwaka mliooana, au ya shamba mlilowahi kulitembelea. Na kama hunywi kitu kingine zaidi ya waini usiku, ulizia paketi ya waini, kampuni kadhaa zinauza chupa kadhaa kwa pamoja kwa bei nafuu kuliko moja moja, na unazilipia kabla hujaondoka nyumbani.

Kufunga na kupanda nayo

Hapa ndo pana ajali nyingi. Waini inapanda meli ndani ya begi la mkononi. Sio kwenye sanduku unalowaachia wapagazi bandarini. Kosa hili nimelifanya mimi, safari yangu ya kwanza nilifunga chupa vizuri katikati ya majinzi kwenye sanduku kubwa, nikakaa kebini nangoja sanduku, saa 12 jioni halijafika, saa 2 halijafika, kumbe skana imeona chupa na sanduku limewekwa kwenye chumba cha ulinzi chini kule, nikapanga foleni na watu wengine wenye nyuso kama yangu, wakafungua mbele yangu, chupa wakaishika mpaka siku ya mwisho. Ilikuwa chupa ya kuadhimishia miaka 10 ya ndoa. Mezani siku ile tulikunywa maji, na mke wangu alivyosema haina neno ndo iliniuma zaidi.

Sasa kama unafika bandarini kwa ndege kuna mtego mwingine, manake ndege nayo ina sheria yake na ni kinyume na ya meli. Kwenye ndege huwezi kupita na chupa nzima kwenye begi la mkononi, kikomo cha vimiminika viwanja vingi ni mililita 100, kwa hiyo waini inasafiri kwenye begi la kuchekiin. Kwa sheria za Marekani kinywaji chenye kilevi kisichozidi asilimia 24 hakina kikomo ndani ya begi hilo, waini zote za kawaida zimo humo. Ukishatua ukafika hotelini, au hata pale pale kwenye teksi, hamishia chupa kwenye begi la mkononi kabla hujawapa wapagazi wa meli mzigo. Liweke kwenye simu kama alamu kabisa: HAMISHA WAINI. Au rahisi zaidi, nunua chupa kwenye mji wa bandari siku moja kabla, huna haja ya kuibeba angani.

Kufunga kwenyewe: chupa ivalishe soksi nene mbili, halafu iingize kwenye mfuko wa plastiki ufunge vizuri ili ikipasuka isiharibu nguo, halafu iweke katikati ya nguo laini, isiguse ukingo wa begi wala kiatu. Waini za boksi ziache nyumbani, kampuni nyingi hazizipokei hata kama ujazo uko sawa, wanataka chupa ya kioo iliyofungwa kiwandani. Na waini zilizoongezewa pombe kali, kama port na sherry, uliza kwanza, Disney kwa mfano hawazihesabu kwenye ruhusa ya waini.

Opena ya skrubu beba ile isiyo na kisu, haitakuletea maneno uwanja wa ndege wala bandarini. Ukisahau, mwombe mhudumu wa kebini akuletee au akufungulie, na glasi mbili za waini za kioo mwombe siku ile ile ya kwanza, ni watu wema na hilo halitozwi, ila usisahau kumpa tipu yake.

Ukifika kwenye skana usifiche chupa. Itoe, ishike mkononi, sema nina waini moja, mwenzangu naye anayo ya kwake. Kila mtu abebe ya kwake kwenye begi lake, hili ni dogo lakini linaokoa ubishi, manake mtu mmoja akionekana na chupa mbili wanaanza kuhesabu ya pili kuwa ya ziada. Kama ni kampuni inayotoza mlangoni watakuelekeza meza ya kulipia, gharama inaenda kwenye akaunti ya kebini yako, hakikisha umepewa risiti au stika ya kwenye chupa, usiitoe hiyo stika mpaka chupa iishe.

Kuhusu zile njia watu wanafundishana za kuficha pombe kwenye chupa za shampuu au za dawa ya mdomo, mimi siziungi mkono. Wanazijua zote, ukikamatwa unaweza hata kuzuiwa kupanda, na safari ya familia nzima haifai kuwekwa rehani kwa sababu ya dola 15.

Mezani sasa

Usiende na chupa mkononi saa ile mnakaa mezani mkiwa na njaa. Mchana wa siku hiyo pita dining au ongea na msimamizi wa waini, mwambie jioni nitakuja na chupa ya namna hii, kokeji yenu ni kiasi gani. Kwanza unajua bei kabla, pili kama ni waini nyeupe au shampeni wanakuwekea kwenye baridi mapema, manake vifriji vya kebini nyingi vinapoza kwa kusuasua tu. Kama ni nyekundu ya miaka mingi isimamishe wima kebini tangu siku moja kabla ili machicha yashuke chini, na mwombe akuletee jagi la kumiminia taratibu. Hizo ni huduma unazilipia kwenye kokeji, zidai bila aibu. Ndoo ya barafu, glasi sahihi, kumiminiwa, vyote ni haki yako.

Wakifungua, mwonjeshe yule msimamizi wa waini kidogo kama chupa ni ya maana. Ni desturi ya watu wa waini dunia nzima, na kuna siku unakuta ameifuta ada yenyewe kwa furaha, au mmenunua chupa moja ya kwao na ya kwenu wakaiachia bila kokeji. Usiombe kwa kulazimisha, uliza tu kwa upole, jibu likiwa hapana unalipa na maisha yanaendelea. Kama una daraja la juu kwenye uanachama wa kampuni, au mko kwenye suti, zile kebini kubwa za kifahari, angalia kama msamaha wa kokeji umo kwenye marupurupu yenu, wengi hawajui na hawajawahi kuutumia.

Haijaisha? Usijilazimishe. Mwambie weita aitunze, wataandika namba ya kebini, kesho jioni inarudi mezani kwako, na kokeji hailipwi tena kwa chupa ile ile. Meli nyingi hata ukihamia mgahawa mwingine wanaweza kukupelekea, ila wape taarifa mapema.

Kuna swali linaulizwa sana, je naweza kumimina glasi kebini nikatembea nayo mpaka dining nikakwepa ada. Watu wengi wanafanya na mara nyingi hakuna anayekuuliza, lakini kwa kampuni zinazotoza kokeji ya mezani kilichoandikwa ni kwamba waini yako ikinyweka kwenye mgahawa inalipiwa. Mimi glasi moja nainywea kwenye roshani au kebini tukijiandaa, jua likizama, hiyo ndo saa nzuri ya ile chupa ya bei rahisi, halafu nashuka mezani mikono mitupu.

Chupa za bandarini na siku ya mwisho

Ukishuka bandari ukanunua waini, kampuni nyingi wanaipokea mlangoni unaporudi, wanakupa karatasi, wanaitunza na kukurudishia usiku wa mwisho au asubuhi ya kushuka. Haipotei, ila hutaikunywa safarini, labda uko Disney au Viking, au kampuni inayokuruhusu kulipia kokeji pale pale ukaingia nayo. Karatasi ile itunze na pasipoti.

Unaporudi Marekani mtu wa miaka 21 ana ruhusa ya lita moja ya pombe bila kodi kwa safari nyingi, zaidi ya hapo unaweza kutozwa kidogo, kwa hiyo weka risiti karibu. Chupa ukirudishiwa ipeleke moja kwa moja kwenye begi la kuchekiin kama unaendelea na ndege, usije ukainyang'anywa uwanjani baada ya kuivusha bahari yote.

Na asubuhi ile kabla hujashuka fungua akaunti ya kebini kwenye simu au kwenye tivii, hesabu kokeji zilizoandikwa na chupa ulizofunguliwa kweli. Chupa iliyotunzwa ikarudishwa siku ya pili wakati mwingine inaandikwa mara mbili kwa bahati mbaya, nenda dawati la wageni na risiti yako ya siku ya kwanza, wanaifuta dakika hiyo hiyo, ila ukishashuka ni barua pepe na kungoja.